Ndovu wa Numidia Walikwenda Wapi?



Ndugu wasomaji na wanafunzi wapenzi, tulipokuwa tukisoma kisa cha Abraha katika Suratul-Fiyl, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Ustadhi, kwani ndovu wa vita walikuwa kwa Abraha tu?" Siku ile nilimjibu kwa ufupi. Leo namjibu kwa urefu, kwani ndani ya jibu hilo mna funzo linalotuhusu sote, wazee na watoto.

Kaskazini ya Afrika, katika nchi ambazo leo ni Algeria na sehemu ya Tunisia, waliishi watu walioitwa Wanumidia. Hao ni miongoni mwa mababu wa Waberberi. Mashariki walipakana na Carthage, mji wa wafanyabiashara wenye asili ya Foinike. Magharibi walikuwapo Wamauri, na kusini, ukingoni mwa jangwa, Wagaetuli. Wanumidia walikuwa na maandishi yao wenyewe, na walisifika kwa kupanda farasi bila ya hatamu. Mfalme wao mashuhuri, Massinissa, alifariki mwaka 148 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Mji wake mkuu, Cirta, leo unaitwa Constantine.

Nchi yao ilijaa wanyama: simba, chui, ndovu, na hata dubu. Ndovu wa huko walikuwa wadogo kuliko hawa wetu, na watu wa Carthage waliwafundisha vita. Mwaka 218 K.K. jemadari wao Hannibal alivuka milima ya Alps akiwa na ndovu 37.

Je, ndovu hao wako wapi leo? Wengi watajibu kwamba Warumi waliwamaliza. Ni kweli kwamba Warumi waliiteka nchi hiyo, wakachukua pembe, na wakasafirisha wanyama ili wauawe katika viwanja vya michezo. Mwanahistoria Dio ameandika kwamba kilipofunguliwa kiwanja cha Colosseum mwaka 80, wanyama wapatao 9,000 waliuawa.

Lakini mimi sikubali kuwa lawama ni ya watawala wa Roma peke yao. Massinissa mwenyewe aliwapelekea Warumi ndovu kwa ajili ya vita vyao. Bocchus, mfalme wa Wamauri, alimpelekea kiongozi wa Kirumi aitwaye Sulla watu wa kurusha mikuki, ili wawaue simba 100 mbele ya watu. Wenye nchi nao walitia mkono.

Na wako wengine tunaowasahau: maelfu waliokaa vitini wakishangilia. Hao hawakushika mkuki, lakini lau wasingekuja kutazama, nani angehangaika kuwavusha simba bahari? Mwaka 55 K.K., katika michezo ya Pompey, ndovu walilia hata watazamaji wakawaonea huruma na kumlaani Pompey. Pamoja na hayo, michezo ilipofanywa tena, watu walirudi vitini. Huruma isiyofuatwa na kitendo haikumwokoa ndovu hata mmoja.

Isidore, mwanachuoni wa Hispania aliyefariki mwaka 636, katika zama za Khalifa Umar (r.a.), aliandika kwamba nchi ya Wamauri iliwahi kujaa ndovu, na kwamba zama zake walizaliwa India tu. Kwa hiyo Uqba bin Nafi alipoujenga mji wa Qayrawan mwaka 50 Hijria, ndovu walikwishatoweka.

Tusifurahi kwamba sisi tumesalimika. Simba na dubu walibakia hadi zama za Waislamu. Dubu walitoweka katika karne ya 19. Simba waliwindwa kwa bunduki, na watawala wa Kifaransa nchini Algeria walitoa zawadi kwa kila aliyeua. Mmoja wa simba wa mwisho wa porini alipigwa risasi katika milima ya Atlas, Moroko, mwaka 1942.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki? Katika Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania, ndovu walikuwa zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970. Mwaka 2013 walihesabiwa wapatao 13,000. Jangili hakuzitaka pembe azivae yeye. Alijua yuko mtu wa mbali anayezisubiri na fedha mkononi.

Basi wanafunzi wangu, dhulma haihitaji mtendaji tu. Huhitaji pia mnunuzi na mtazamaji. Mwenzako akimpiga paka mawe, usicheke, mzuie. Nanyi wazazi, msinunue kitu kilichotokana na mnyama aliyeuliwa kwa magendo, hata kiwe kizuri namna gani. Mnyama ni amana, na anayekaa kitini akishangilia naye ataulizwa.

Wabillahi tawfiq.