Moshi Unaounguza

Hapa Hayes, katika Vita Kuu ya 1914–1918, wanawake walijaza baruti makombora ya mizinga kiwandani. Kilichomo ndani ndicho kilichoua. Lakini Itifaki ya 1980 kuhusu silaha za moto inauliza kombora limeundwa hasa kwa kusudi gani. Fosforasi nyeupe ikiitwa ya moshi au ya mwanga, huponyoka sheria, ingawa huendelea kuungua ndani ya nyama ya mtu maadamu inapata hewa. Tena silaha ya moto ikirushwa kwa mzinga penye raia, masharti ni mepesi kuliko ikidondoshwa na ndege. Wanasheria huiita tofauti ya kitaalamu. Mimi nauita mlango wa nyuma. Ibara ya kwanza iandikwe upya: silaha ipimwe kwa jeraha, si kwa jina.