Jua Haliui Risasi

Wapo wanaokunja uso waambiwapo kwamba samaki hufugwa katika maji machafu ya mji. Chuki hiyo haina msingi. Mashariki ya Kolkata, nchini India, vizazi kadhaa vya wavuvi vimeyapokea maji taka ya mji ule mkubwa, vikayatuliza katika mabwawa ya kina kifupi na kuliachia jua kazi iliyobaki. Mwanga huotesha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea hiyo huyapa maji hewa, vijidudu vya maradhi hufa kwa wingi, na samaki, perege wakiwamo, hula wakanenepa. Mji husafishiwa maji kwa gharama ndogo, na mnyonge hupata kitoweo. Mwaka 2002 eneo hilo la hekta 12,500 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na lilistahili.

Ubaya umetoka kwingine. Maji ya chooni na jikoni yalichanganywa na maji ya viwanda vya ngozi, yenye kromiamu ya kulainishia ngozi. Karakana nyingine zikaongeza risasi na kadimiamu. Jua huua vijidudu, lakini metali haifi wala haiozi. Hutuama katika tope, humwingia samaki kwa chakula na kwa matamvua, ikajilimbikiza mwilini mwake. Ikizidi, matamvua huvimba na nyuzi zake hugandamana, hata samaki akakosa pumzi angali majini. Chembe za ini huharibika, na figo vivyo hivyo. Mnunuzi sokoni hawezi kuyaona hayo, na moto wa jikoni hauiondoi metali. Kweli, sehemu kubwa hukaa katika ini, figo na matamvua kuliko katika minofu, lakini samaki wadogo huliwa wazima.

Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda vya ngozi vihame mjini. Vikapelekwa Bantala, jirani na mabwawa yale yale!

Kupiga marufuku ufugaji huo ni kumwadhibu mvuvi kwa kosa la mwenye kiwanda. Linalopasa ni kila kiwanda kuondoa metali katika maji yake langoni pake, kwa gharama yake, kabla maji hayo hayajafika katika mfereji wa wote. Na wapimaji wa serikali wachunguze tope na ini la samaki, si maji peke yake.