Joto la Kompyuta na Baridi ya Njombe

Ipo hoja ambayo baadhi ya wauzaji wa vifaa vya elektroniki jijini Dar es Salaam huitumia dhidi ya mteja wa mkoani, tena kwa upole kiasi kwamba mteja hukata simu akiwa ndiye anayeomba radhi: "Mashine ilitoka hapa ikiwa nzima. Tatizo ni mazingira ya huko kwenu." Ndugu msomaji, katika makala haya nakusudia kuipima hoja hiyo, si kwa hasira, bali kwa kipimajoto.

Mpwa wangu anaishi Njombe mjini. Fedha za misimu miwili ya viazi alizinunulia kompyuta mpya ya gemu, yenye kadi ya grafiki ya nguvu, akikusudia kufungua chumba cha gemu Makambako, mahali ambapo barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA hukutana na vijana hawakosekani. Mzigo ulisafiri kwa basi zaidi ya kilomita 600, ukapanda Kitonga, ukashushwa Makambako, kisha ukaletwa Njombe kwa gari dogo. Kila gemu ilipochezwa kwa dakika kumi, kadi ilifika nyuzi 91 za Selsiasi, feni zikanguruma kama mashine ya kusaga, na picha zikaanza kukwamakwama. Kukwama huko ni kujihami: chipu ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Muuzaji alipopigiwa simu alitaja vumbi, umeme na hali ya hewa. Hakuuliza swali hata moja.

Tuanze na hali ya hewa, kwa kuwa ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi. Kadi hupozwa kwa hewa ya chumbani. Chumba kikipungua joto kwa nyuzi kumi, kadi nayo hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Chumba cha mpwa wangu mwezi Julai kilikuwa na nyuzi 14. Kadi ileile, Dar es Salaam yenye nyuzi 30, ingetarajiwa kuwa na joto zaidi, si pungufu. Kwa haki niseme kwamba upande wa pili nao una hoja yake: Njombe iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20, hivyo feni husukuma hewa yenye uwezo mdogo wa kubeba joto. Lakini hasara hiyo ni ya nyuzi chache, nayo humezwa na baridi. Kwa hiyo nyuzi 91 ndani ya chumba cha nyuzi 14 hazielezeki kwa hali ya hewa. Baridi ya Njombe ni shahidi wa mteja.

Vumbi nalo huhitaji muda. Mashine ilikuwa na siku nne.

Vilibaki vyanzo viwili: kasha lisilopitisha hewa, au kadi yenyewe. Kuvitenganisha hakuhitaji shahada. Kwanza kijana alihakikisha kwamba hakuna sponji ya kusafirishia iliyosahauliwa ndani wala nailoni iliyobaki kwenye kioo cha mbele (mambo hayo hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani), na kwamba mtikisiko wa safari haukuilegeza kadi. Akatazama kama feni zote zinazunguka kazi inapokuwa nzito. Kadi nyingi za siku hizi husimamisha feni zikiwa zimepoa, na hilo si ubovu. Kisha akafungua ubavu wa kasha, akarudia gemu ileile kwa muda uleule. Kama joto lingeshuka kwa nyuzi kumi au zaidi, lawama ingekuwa ya kasha, na dawa ingekuwa kuongeza feni. Lilishuka kwa nyuzi tatu. Basi kasoro iko kwenye upoozaji wa kadi: huenda chuma cha kupozea hakijakaa sawasawa juu ya chipu, au ile dawa ya kijivu inayopakwa katikati yake haitoshi.

Je, kadi mpya inaweza kutoka kiwandani ikiwa na kasoro? Inaweza. Desemba 2022 kampuni ya AMD ilitoa kadi ya RX 7900 XTX, na punde wanunuzi wakaanza kuona sehemu za kadi hizo zikifika nyuzi 110. Januari 2023 kampuni ilikiri kwamba baadhi ya vyumba vya mvuke vya kupozea vilitengenezwa vikiwa na maji pungufu. Ukiri huo ulitanguliwa na watu wa kawaida waliopima, wakalinganisha vipimo, wakavitangaza. Hakuna aliyewaambia kwamba tatizo ni mazingira ya kwao.

Mpwa wangu alituma vipimo na video. Jibu lilikuja kwamba kwa kufungua kasha ameshavunja waranti. Ubavu huo umefungwa kwa skrubu mbili za kuzungushwa kwa vidole, zilizowekwa hapo ili ufunguliwe. Na chini ya risiti yake yapo yale maneno tuliyoyazoea, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wengi wetu huyasoma kama sheria ya nchi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inazungumzia ubora na ufaaji wa kinachouzwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inamlinda mlaji dhidi ya upotoshaji. Mchapaji wa risiti hana mamlaka ya kuzifuta.

Shida ni gharama ya kuzitumia. Nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, malazi na siku za shamba zinazopotea humfanya mkulima wa viazi aamue kuishi na mashine mbovu, na muuzaji analijua hilo. Ningependa Tume iweke sharti moja dogo: muuzaji anayekataa dai la waranti aandike sababu yake kwa Kiswahili, pamoja na kipimo alichokifanya yeye mwenyewe, na agharimie kuirejesha bidhaa kwa ajili ya kipimo hicho. Neno "mazingira" lisikubaliwe kuwa kipimo.