Si Kila Mwiko ni Ushirikina

Hivi karibuni tulifuatana na vijana wa shule moja ya mjini waliokwenda kupunga upepo ufukweni Kigongo, wilayani Misungwi, na kuliangalia daraja la kwenda Busisi lililofunguliwa mwezi Juni 2025. Walipochoka kulitazama daraja, walimzunguka mzee mmoja mvuvi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyekuwa akishona wavu kivulini. Kijana mmoja alipanda mtumbwi wa mzee huyo akaanza kupiga mluzi. Mzee akamkanya: “Mjukuu wangu, mluzi haupigwi chomboni.”

Vijana walicheka. Ofisa aliyewaongoza naye akasema kwa upole, “Mzee wangu, huo ni ushirikina tu.” Mzee hakukasirika. Alieleza kwamba kwao mluzi ni sauti ya kuombea msaada ziwani, na anayeuchezea, siku ya hatari hapati wa kumgeukia. Hapo kicheko kikakoma. Sisi tulijiuliza ni miiko mingapi ya namna hiyo imekwisha kutupwa jaani kwa sababu hakuna aliyemwuliza mwenyewe maana yake.

Nchini Thailand, mashua za ufukweni hufungwa vitambaa vya rangi na mashada ya maua kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwa heshima ya Mae Ya Nang, ambaye wavuvi wa huko humwamini kuwa ndiye mlinzi wa chombo. Mgeni huonywa asikanyage hapo. Mbele ya nyumba nyingi husimamishwa vijumba vidogo vya mizimu, na watalii hutoka ng’ambo wakalipa fedha nyingi ili wavione. Wasukuma nao walijenga vijumba uani kwa ajili ya masamva, yaani mizimu ya wazee wao. Vya Thailand tunaviita utamaduni. Vya kwetu tunavionea haya.

Ndugu zetu wa Ukerewe wana mfano bora wa kufuata. Marehemu Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, kitabu kikubwa cha maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. Humo mila za uchumba, uganga, pombe na heshima ya wakwe zimeelezwa na mtu aliyezijua, bila kuzitukuza wala kuzidhihaki. Je, ni maofisa wangapi waliopelekwa visiwani wamekisoma?

Hata hivyo tusidanganyane. Katika mikoa hii hii ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng’ombe. Tangu miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama, na iliripotiwa kwamba wako wavuvi waliosadiki kuwa nywele zao zikisukwa katika nyavu huvuta samaki. Shule ya Msingi Mitindo, hapa hapa Misungwi, imewahifadhi watoto ambao hawakuwa salama makwao. Jambo la namna hiyo haliwezi kuitwa mila. Mwiko wa mzee wa Kigongo ulilenga kumwokoa mtu majini. Hirizi ya mganga tapeli hudai damu ya mtu.

Upo pia ushirikina wa kimya. Mara kwa mara chombo kikizama husikika minong’ono kwamba ziwa limedai chake. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Hapo pasitafutwe jini.

Kwa hiyo tunaziomba halmashauri za Misungwi, Ukerewe, Sengerema na Buchosa ziwatume maofisa utamaduni mialoni, wakae na wazee na vikundi vya usimamizi wa uvuvi, waandike kila mwiko pamoja na sababu yake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa kuwasajili waganga. Basi ifuatiliwe hadi kisiwa cha mwisho, wala isiishie kwenye majalada. Nanyi wavuvi, mganga akiwatajia kiungo cha binadamu, mpelekeni polisi siku hiyo hiyo.

Mzee wa Kigongo ametuambia kwamba yu tayari kuja shuleni kuzungumza na vijana siku yoyote atakayoitwa, ila si katika siku za giza, kwani mwezi usipoonekana yeye huwa ziwani na karabai zake, akivua dagaa.