Akiba ya Lazima Haiwezi Kudai Ukimya wa Lazima



Wakati wa likizo sisi mafrateri hurudi parokiani na kutumwa vigangoni. Katika kigango kimoja tulikaribishwa na mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa jumuiya, aliyefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30. Baada ya chai alituletea faili lake: barua ya ajira, barua za kupandishwa daraja, hati ya mshahara wa mwisho na karatasi ya hesabu ya mafao. Akatuuliza: "Mafrateri, ninyi mnasoma falsafa. Nielezeni, fedha hii ni yangu au si yangu?" Tukajibu: "Ni yako, Mwalimu." Akasema: "Kama ni yangu, mbona hesabu ilibadilishwa nikiwa njiani, na mimi sikuulizwa?" Tulinyamaza. Makala hii ni jaribio letu la kumjibu.

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, Yosefu anamshauri Farao akusanye sehemu ya tano ya mavuno ya Misri katika miaka saba ya neema, iwe akiba ya miaka saba ya njaa. Kwa lugha ya leo, huo ulikuwa mfuko wa lazima. Nchini kwetu kiwango ni kile kile. Mwanachama wa NSSF kwa kawaida huchangia asilimia 10 ya mshahara na mwajiri wake asilimia 10. Katika PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mtumishi huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Kote jumla ni asilimia 20, yaani sehemu ya tano.

Sisi hatupingi ulazima huo. Kijana wa miaka 25 haoni uzee, na laiti kila mtu angeachiwa hiari, wengi wetu tungefika miaka 60 mikono mitupu. Kanuni ya mshikamano, ambayo ni nguzo ya Mafundisho Jamii ya Kanisa, inatufundisha kwamba jamii ina wajibu wa kumlinda mzee. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Yosefu aliokoa watu wengi, na mfuko wa pensheni ni kazi njema.

Lakini tuendelee kusoma hadi sura ya 47. Njaa ilipokuja, wananchi hawakurudishiwa nafaka yao, waliuziwa. Kwanza walitoa fedha, kisha mifugo, mwisho mashamba na nafsi zao, wakawa watumwa wa Farao. Waliookolewa na ghala ndio waliopoteza uhuru kwa sababu ya ghala hilo hilo. Hatumhukumu Yosefu. Tunachoona ni hatari iliyomo katika kila akiba ya lazima: anayeshika ufunguo anaweza kusahau nafaka ilitoka kwa nani.

Hapo ndipo lilipo fumbo la kikokotoo. Kabla ya mwaka 2018, watumishi wa umma waliokuwa katika mifuko kama PSPF walipata nusu ya pensheni yao kwa mkupuo. Mwaka huo mifuko iliunganishwa, zikaja kanuni mpya. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mtumishi aliyefanya kazi miezi 360, na mshahara wa kukokotolea wa shilingi milioni moja kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani (1/540, asilimia 50, mara miaka 15.5) angepata mkupuo wa shilingi milioni 62 na pensheni ya shilingi 333,000 hivi kila mwezi. Kwa kanuni ya 2018 (1/580, asilimia 25, mara miaka 12.5) mkupuo ulishuka hadi milioni 23 na ushee, na pensheni ya mwezi ikapanda hadi 465,000 hivi.

Mtu anaweza kusema: kilichopungua mbele kimeongezwa nyuma. Tupige hesabu. Tofauti ya mkupuo ni zaidi ya shilingi milioni 38. Nyongeza ya mwezi ni shilingi 132,000 hivi. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 angehitaji kuishi hadi miaka 84 ndipo nyongeza hiyo ifidie pengo, hata bila kuhesabu mfumuko wa bei. Sasa fikirini mwalimu aliyepanga kumalizia nyumba kwa mkupuo huo, kwa kuwa katika ajira yake yote alijua kanuni ni hiyo.

Wafanyakazi walipaza sauti. Tarehe 28 Desemba 2018, Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaagiza kanuni za zamani ziendelee hadi mwaka 2023. Mwaka 2022, baada ya mazungumzo ya serikali, wafanyakazi na waajiri, mkupuo ukawa asilimia 33. Katika bajeti ya 2024/25 serikali ikatangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa kundi la asilimia 50. Hakuna jiwe lililorushwa. Sauti ilisikika, na hesabu ikabadilika. Jambo hili linatupa somo: malalamiko ya wafanyakazi hayakuwa uasi, yalikuwa sehemu ya kutengeneza sheria iliyo bora zaidi.

Haki inatudai tuseme pia upande wa pili. Mfuko unaolipa kuliko unavyoingiza hufilisika, na wanaoumia ni vijana wanaochangia leo. Hilo ni kweli. Hata hivyo tujiulize pengo lilitoka wapi. Watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia, na serikali ilitakiwa kubeba gharama ya miaka yao. Deni hilo lilikaa muda mrefu, na mwaka 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu yake. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini mwanachama anayeambiwa afunge mkanda ana haki ya kuuliza kwanza: mwenye deni la mfuko ni nani, na amelipa kiasi gani?

Hoja yetu kuu ni hii. Mtu asiyeridhika na benki huchukua fedha zake akaenda benki nyingine. Asiyeridhika na kikundi cha kuweka na kukopa hujitoa. Mwanachama wa mfuko wa lazima hawezi kufanya hivyo. Sheria imemfungia mlango, tena kwa sababu njema. Alichobakiwa nacho ni sauti. Ukimfungia na sauti, hujamwekea akiba, umemchukulia mali. Kwa hiyo, kadiri uchangiaji unavyokuwa wa lazima, ndivyo haki ya kuuliza, kulalamika na hata kuandamana kwa amani inavyopaswa kulindwa zaidi. Mshikamano unaruhusu kukata mshahara, lakini kanuni ya auni inakataza kumfanya mwenye mshahara awe mtazamaji wa maisha yake mwenyewe.

Hili si jambo jipya katika Mama Kanisa. Mwaka 1891, Papa Leo XIII katika waraka wake Rerum Novarum alitetea haki ya wafanyakazi kuungana. Mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II katika Laborem Exercens aliitaja pensheni ya uzeeni miongoni mwa haki za mfanyakazi, kisha akatetea vyama vya wafanyakazi na mgomo kama njia halali katika mipaka ya haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2435, inakubali mgomo pale usipoepukika kwa ajili ya faida inayostahili, na inaukataa unapoambatana na ukatili. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, tunayemsoma darasani, anafundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote. Kama ni agizo la akili, basi halipaswi kuogopa kuulizwa sababu.

Tutaambiwa: "Mbona chama cha wafanyakazi kiliulizwa?" Ni sawa, na uwakilishi ni jambo jema. Lakini mjumbe akienda mezani bila kupita kwa waliomtuma, wala kurudi kuwaeleza alichokubali, mwanachama hubaki pale pale.

Tutaambiwa pia: "Maandamano huleta vurugu." Tunaandika tukijua uzito wa neno hilo. Tarehe 29 Oktoba 2025 watu walipoteza maisha katika nchi yetu, na tangu hapo maandamano ni neno linalotajwa kwa sauti ya chini, hata katika mabweni yetu. Hatumwiti mtu barabarani. Tunasema tu kwamba ibara ya 20 ya Katiba inatambua uhuru wa kukutana kwa amani, na sheria ya polisi inataka taarifa itolewe saa 48 kabla. Tarehe 24 Januari 2024 wanachama wa upinzani waliandamana Dar es Salaam, polisi wakiwepo, na waliondoka salama. Inawezekana, kwa hiyo. Amani inayotokana na hofu ni kimya tu, na kimya hakijengi imani ya mchangiaji kwa mfuko wake.

Anayepaza sauti naye ana wajibu: asome hesabu kabla ya kupiga kelele, asidai kitakachowaachia wadogo zake ghala tupu, na asichafue haki yake kwa kuharibu cha mwingine.

Mwisho, tujiangalie sisi wenyewe. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilikumbusha kwamba anayethubutu kusema juu ya haki lazima kwanza awe mwenye haki. Parokia, shule na nyumba za malezi ni waajiri. Mpishi anayetupikia ugali, mlinzi wa getini, katekista anayezunguka vigango vitano kwa baiskeli: je, michango yao inapelekwa? Je, wanaonyeshwa taarifa zao? Je, wakiuliza wanajibiwa, au wanaambiwa watoe sadaka ya uvumilivu? Mtakatifu Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio chake kinamfikia Bwana. Hakuweka pembeni ujira uliozuiliwa na wacha Mungu. Sisi tutakaokuwa mapadre kesho tuanze leo kujua majina ya wafanyakazi hao na hali ya michango yao.

Likizo ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwa Mwalimu. Tutamwambia: fedha ni yako, hata ikiwa ghalani mwa mwingine. Na kwa kuwa ni yako, swali lako nalo ni halali. Uliza. Uliza katika mkutano wa chama, uliza kwa mbunge, uliza kwa barua, na ikibidi uliza pamoja na wenzako kwa amani, mchana kweupe. Sisi tuliokula chai yako hatutakuacha uulize peke yako.