Asiwepo Mtoto wa Kubeba Sanduku Tu



Tunajua kwamba neno roboti likitajwa katika mikutano yetu, wengi hukunja uso. Sababu ipo. Wenzetu wa viwanda vya magari na wa bandari katika nchi nyingine wameona mashine zikiingia na watu wakitolewa. Lakini leo hatuandiki juu ya roboti ya mwajiri. Tunaandika juu ya roboti ya mtoto wa shule, kwa sababu huko nako limo swali letu la siku zote: ni nani anayepewa kazi, na ni nani anayewekwa kando atazame.

Mashindano ya roboti ya wanafunzi yanayojulikana zaidi yalianza Marekani. Shirika liitwalo FIRST liliundwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na mwaka 1992 timu 28 zilikutana katika ukumbi wa michezo wa shule moja mjini Manchester, jimbo la New Hampshire. Kila mwaka hutolewa mchezo mpya wenye kanuni zake. Wanafunzi, wakisaidiwa na mafundi na wahandisi wanaojitolea, huunda roboti ya kuucheza mchezo huo: kuokota mipira na kuitupa kikapuni, kupanga masanduku, au kupanda kwenye vyuma. Sekunde chache za mwanzo roboti hujiendesha yenyewe kwa programu waliyoiandika watoto. Baada ya hapo watoto huiendesha wenyewe.

Kilichotuvuta sisi ni kanuni, si mashine. Katika mashindano hayo timu tatu huungana upande mmoja kupambana na timu tatu nyingine, na katika raundi za mwanzo mwenzako wa asubuhi aweza kuwa mpinzani wako wa jioni. Basi hakuna faida ya kumharibia jirani. Ukimnyima spana leo, kesho utaihitaji roboti yake. Mwaka 2001 walikwenda mbali zaidi: timu nne zilicheza upande mmoja, na mpinzani wao alikuwa saa peke yake. Mwaka 2012 liliwekwa daraja la kubembea katikati ya uwanja. Roboti ya upande huu na roboti ya upande ule zikisimama juu yake pamoja bila daraja kuinama, pande zote mbili zilipata pointi za msimamo.

Tulitazame daraja hilo kwa macho ya mfanyakazi. Mahubiri ya kupendana yasingetosha kuwapandisha watoto wale darajani pamoja na wapinzani wao. Kanuni iliandikwa, pointi zikawekwa, nao wakasaidiana. Nasi tumejifunza hivyo hivyo katika mikataba ya kazi. Huruma ya msimamizi huondoka anapohamishwa, lakini kifungu kilichoandikwa hubaki.

Wako waliolipeleka jambo hili mbele zaidi. Katika jimbo la Washington, huko huko Marekani, tangu mwaka 2015 kuna mashindano yaitwayo Unified Robotics, yaliyotokana na ushirikiano wa FIRST na Special Olympics, shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Wanafunzi wenye ulemavu huo na wasio nao huwa timu moja. Huunda roboti pamoja na kuiendesha pamoja. Hakuna anayeitwa mgeni.

Mwaka 2017 yalianza pia mashindano ya mataifa, kila nchi timu moja, na vifaa vya kuundia roboti ni vya aina moja kwa wote. Mchezo wa mwaka ule, uliofanyika Washington mji mkuu, ulihusu maji: mipira ya buluu ilikuwa maji safi, ya rangi ya chungwa ilikuwa uchafu. Lakini wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa, na vijana wa Gambia nao walikataliwa kwanza. Ni dhahiri kwamba vifaa sawa havitoshi ikiwa mlango haufunguki kwa wote.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka jana baadhi yetu tulialikwa kutazama mashindano madogo ya shule. Katika timu moja alikuwamo binti wa fundi mwenzetu. Binti huyo ni kiziwi. Kutwa nzima tulimwona akibeba sanduku la vifaa kutoka meza hadi meza, na roboti ilipoingia uwanjani aliambiwa kwa mkono akae. Tulipouliza, mwalimu alijibu kwa upole kwamba sekunde zinahesabiwa, hakuna nafasi ya kumweleza kwa ishara. Baba yake alituambia kuwa nyumbani ndiye anayefungua redio iliyoharibika na kuirudisha ikisema.

Hatumlaumu mwalimu peke yake. Kanuni zilimpa pointi kwa kasi, na hazikumnyima hata moja kwa kumwacha mtoto nje. Alifanya kile ambacho mchezo ulimtaka afanye.

Wala sisi tusijifiche. Mkataba namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, unahusu mafunzo na ajira kwa watu wenye ulemavu. Tunautaja kwenye hotuba. Lakini katika karakana zetu ni viziwi wangapi waliopewa mashine? Na katika mikutano ya matawi yetu, ni nani anayetafsiri kwa ishara?

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kwanza, waandaaji waandike katika kanuni kwamba kila mwanatimu aiendeshe roboti angalau raundi moja, na timu isiyofanya hivyo ipunguziwe pointi. Pili, maelezo ya mchezo yatolewe kwa picha na kwa lugha ya ishara, na meza ziwe za kimo kinachomfaa mtoto wa kiti cha magurudumu. Tatu, matawi yetu yatoe mafundi siku za Jumamosi, pamoja na mota kuukuu, gia na nyaya ambazo sasa zinaota kutu ghalani, ili mtoto wa mfanyakazi asikose nafasi kwa sababu ya bei ya vifaa.

Watakuwapo wa kusema kwamba hizo ni pointi za huruma na zitashusha kiwango. Tunawajibu kwa daraja lile lile. Kutupa mpira kikapuni ni kazi, lakini kusimamisha mashine mbili zilizoundwa na watu wasiojuana, juu ya ubao mmoja unaobembea, ni kazi ngumu zaidi. Timu inayoweza kuelewana na kila mmoja wake haina kiwango cha chini.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezoea uwanjani kwamba mwenzake kiziwi ni dereva hatashangaa kumkuta kesho kwenye mashine ya jirani kiwandani, wala hatamwacha nje siku ya kudai haki.

Mashindano yajayo tutakwenda tena. Tutaangalia ni nani anayeendesha, na ni nani aliyebeba sanduku.