Kamba Si Mila

Kuna neno moja ambalo siku hizi limekuwa blanketi la kufunikia kila aibu: mila. Kijana anaanguka kifafa, tunamficha nyuma ya nyumba, tunasema ni mila. Binti aliyezaliwa na akili nzito hapelekwi masomo, ni mila. Kijana mwingine anasema peke yake usiku, anapiga watu. Anafungwa kamba kwenye chumba cha maombi na kunyimwa chakula ili shetani atoke, eti hata wazee wetu walifanya vile. Ndugu msomaji, sisi tunaoandika katika kijitabu hiki tunajiita watetezi wa mila za Maniema. Basi inatupasa kusema waziwazi ni kitu gani si mila.

Tuanze na lile zito kuliko yote, la mtoto kuitwa mulozi. Zamani lawama ya bulozi ilimwangukia hasa mtu mzima: mzee, mjane, ndugu mwenye wivu. Kusema watoto ni walozi, tena kwa wingi, ni jambo lililoenea katika Kongo tangu miaka ya 1990, Kinshasa kwanza, pale umaskini, vita na makanisa ya uamsho vilipokutana. Na ni watoto gani wanaosemwa? Yatima, mkaidi, kiwete, mwenye kifafa, anayekojoa kitandani. Ni wale ambao hawana mtu wa kuwasemea. Jambo lenye umri mdogo kuliko baba zetu haliwezi kuitwa desturi ya mababu.

Wengine watajibu: "Lakini ile mutoto iko na kitu!" Ndiyo, iko na kitu. Lakini ni kitu gani? Hapo ndipo mila yenyewe inatuhukumu. Walega wa Pangi, katika bwami, walifundisha kwa methali na kwa vinyago vidogo. Kimoja kinaitwa Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi vinavyotazama kila upande. Maana yake ni kwamba mwenye hekima anaangalia jambo pande zote mbele ya kukata neno. Sasa sisi, kijana akianguka karibu na moto, tunaangalia pande ngapi? Tunaangalia moja tu, ile ya mulozi. Hatuulizi kama alizaliwa kwa shida akakosa pumzi. Hatuulizi kama malaria ilimpanda kichwani, au kama alipigwa kichwa. Na kwa yule anayepiga makelele usiku, hatuulizi aliona nini. Mkoa huu ulipita katika vita vya 1998 hadi 2003, na wako waliobeba bunduki wakiwa watoto. Walirudi na miili yao, vichwa vikabaki porini. Kuwaita "wabovu" hakujamponyesha hata mmoja.

Najua swali linalofuata: "Munganga wa kichwa iko wapi hapa Kindu?" Swali hilo ni la haki. Vituo vinavyojulikana kwa kazi hiyo, kama SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, viko mbali, na tangu M23 ilipoteka Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, safari ya mgonjwa imezidi kuwa ngumu. Lakini si kila ugonjwa unangoja Bukavu. Dawa ya kifafa iitwayo fenobarbitali inatumika tangu 1912, ni ya bei ndogo, na munganga wa kituo cha afya aliyefundishwa anaweza kuitoa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kwa kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitunzwa vizuri. Sharti ni dawa imezwe kila siku, na isikatwe ghafla kwa sababu pasta ametangaza kwamba mtoto amepona.

Hapa nataka tuelewane. Mama anayemfunga mtoto wake kiunoni ili asianguke katika Lualaba wakati yeye anaenda shamba si adui yetu. Yule mama ameachwa peke yake. Kamba yake inatuhukumu sisi majirani. Kamba ya yule anayepokea falanga za mama huyo ili amtese mtoto wake ni jambo jingine kabisa. Kwa huyo, sheria iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto na kumsingizia bulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayemsingizia. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Na serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba shule za msingi za umma ni bure, haikusema "isipokuwa kiwete na mwenye kifafa".

Tufanye je? Tutumie mila tuliyo nayo kweli, ile ya kuchanga. Tunachanga kwa matanga, tunachanga kwa mali ya ndoa, na hakuna ndugu anayethubutu kukosa. Tuchange vilevile kwa dawa ya mwezi. Tupeane zamu ya kukaa na kijana ili mama alime. Tumpatie kazi anayoiweza, maana asiye na kazi katika ukoo hana jina. Na machifu watamke katika baraza zao, mbele ya wachungaji na wazazi, kwamba kumfunga na kumpiga mgonjwa ni kosa.

Asiyekubali asimame katika baraza hiyo, atuambie ni babu yake yupi aliyemfundisha kufunga mtoto.